Supu ya Siku ya Nne ya Idi: Safari ya Kibugu



Ndugu wasomaji, juma hili nimemwomba mhariri wetu aniruhusu niache masuala ya fiqhi niliyozoea kuyaandika katika ukurasa huu, niwasimulie safari. Wale walioniandikia kuhusu zaka ya mali ya biashara wanisamehe, majibu yao yatafuata inshaallah. Na hata hivyo, mkivumilia mpaka mwisho, mtaona kwamba fiqhi haikukosekana njiani. Ilikuwamo ndani ya sufuria.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kibugu. Kibugu ni soko dogo lililoko kaskazini ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pale mashamba ya kahawa yanapopakana na ya chai. Wengi wetu huku Pwani tukisikia jina la Embu, jambo la kwanza linalotujia ni muguka, majani yale yaliyowaharibu vijana wetu mitaani, hata ikafika Mei 2024 kaunti ya Mombasa ikatoa amri ya kuyapiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na ugomvi ukawa wa magazetini kila siku. Mimi mwenyewe nilihutubia juu ya jambo hilo, na sikujuta, wala sijuti. Lakini sikujua wakati ule kwamba muguka hulimwa zaidi Mbeere, chini kwenye ukame, na kwamba Embu ya juu, yenye baridi na chai, ni nchi nyingine kabisa. Mtu akikichukia kitu, aghalabu hukichukia pamoja na jirani zake wote.

Basi mimi nina mkwe Kibugu. Miaka sita imepita tangu mwanangu alipooa huko. Mkazamwana wangu alisilimu kwa hiari yake kabla ya kumjua mwanangu, na nikaha ilifungwa Nairobi. Posa sikuenda, nilimtuma ndugu yangu. Baada ya nikaha walitualika mara ya kwanza, nikasema nina darasa. Wakatualika mara ya pili, nikasema mgongo. Mara ya tatu nikasema baridi. Kisha, miaka miwili iliyopita, baba yake mkazamwana akafariki. Nilipiga simu nikatoa rambirambi, nikatuma pesa kwa M-Pesa, nikajiona nimekwisha kutimiza haki. Mke wangu hakusema neno siku ile. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Nitasema kweli, maana umri wangu hauruhusu tena kujificha. Nilichokiogopa kilikuwa chakula. Nilichelea kuwekewa mbele yangu sahani nisiyoijua ilikotoka, nikalazimika ama kula kwa shaka ama kukataa na kumwaibisha mwenye nyumba. Na chini ya hofu hiyo, mahali nisipopenda kupatazama, kulikuwa na kiburi. Niliona kwamba wao ndio wanaopaswa kuja kwetu.

Aliyenitoa nyumbani ni mjukuu wangu wa miaka mitano. Alikuwa amekuja kwetu katika likizo, akaniuliza mbele ya watu, "Babu, mbona huendi kwa nyanya wa Kibugu? Unaogopa simba?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba baada ya Idi ya Kuchinja tutakwenda.

Idi ile ilikuwa ya mwaka 1446, mwezi wa Juni 2025. Tulichinja mbuzi wetu siku ya kwanza, tukagawa. Siku ya pili tukapanda gari la moshi asubuhi hadi Nairobi, tukalala kwa mwanangu. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, tukaondoka sote kwa gari lake: mimi, mama yake, yeye, mkewe na mtoto. Mizigo yetu ilikuwa tende, halua, bizari, na ndimu za kutosha, kwani mke wangu haamini kwamba kuna ndimu bara.

Njia ya Embu hupita Thika, kisha hushuka hadi tambarare ya Mwea. Hapo nilimwomba mwanangu asimamishe gari. Mbele yetu yalikuwa majaruba ya mpunga yasiyo na mwisho, maji yakimeta, na ndege weupe wamesimama ndani yake kama watu wanaongoja iqama. Mpunga huo ndio pishori tunaopikia biriani zetu za harusi. Skimu hiyo ilianzishwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini na wakoloni. Nimekula wali wa Mwea tangu utoto wangu, na siku ile ndiyo mara ya kwanza niliutazama ukiwa shambani. Nilimwambia mke wangu, "Hawa wametulisha miaka yote, nasi hatujawahi hata kuwapitia." Akajibu, "Bado hatujafika, Sheikh. Weka maneno mengine ya huko mbele."

Kutoka Mwea nchi huanza kupanda. Hewa hubadilika, na udongo huwa mwekundu kama matofali. Embu ni mji wa kaunti, una msikiti wake na Waislamu wake. Kama miji mingi ya bara, Waislamu walifika pamoja na wafanyabiashara na askari, mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walipoweka boma. Tulisali adhuhuri na alasiri hapo kwa kukusanya na kupunguza, ruhusa ya msafiri, kisha tukaingia njia ya Kibugu.

Huko ni mahali ambapo macho hayapumziki. Mashamba ni madogo madogo, yamepangana kwenye miinuko kama mikeka iliyoanikwa: migomba, mikahawa, mimakadamia, kisha vichaka vya chai vilivyokatwa sawa kana kwamba kinyozi amepita. Mito hushuka kutoka mlimani baridi kama barafu. Mawingu yakipasuka huonekana msitu, na juu ya msitu vilele, ambavyo kirefu chake hufika mita 5,199. Na kuna jambo lililonifurahisha: Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yetu, hivyo mtu wa Kibugu akielekea kibla, mlima huwa mbele yake, kidogo kushoto. Nilisali hapo magharibi ile nikaona jinsi binadamu alivyo mdogo.

Mkwe wetu alitupokea langoni. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mikono yake imekuwa migumu kwa kuchuma chai. Alimkumbatia mke wangu kwa muda mrefu, nami akanipa mkono kwa kuinamisha kichwa. "Karibu nyumbani, mwalimu," alisema. Hakutaja miaka sita. Hakutaja msiba. Na kule kutotaja kwake kukawa kuzito kuliko lawama.

Kabla hatujaketi, mkazamwana wangu alinivuta pembeni. "Baba," aliniambia, "usiwe na wasiwasi wa chakula. Mama alimwita kijana wa msikitini kutoka mjini jana. Alikuja kwa pikipiki, akachinja yeye. Mama alinunua kisu kipya. Na sufuria hizo tatu pia ni mpya, kasema huenda zile za zamani zikakutia shaka." Nilizitazama sufuria. Moja bado ilikuwa na karatasi ya bei ubavuni.

Ndugu wasomaji, mimi nimesomesha miaka mingi kwamba Sura ya al-Maida imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na kwamba wanazuoni wana maelezo yao katika hilo. Nimeeleza masharti yake, nimeeleza hitilafu zake. Lakini hapo nilisimama mbele ya mwanamke asiye wa dini yangu ambaye hakuisoma hata aya moja, akauona mlango niliouogopa miaka sita, akaufungua mwenyewe kabla sijabisha. Tena kwa gharama yake. Yeye ni mjane. Chai humpatia malipo madogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, na kati ya hayo mawili, kuku ndio benki yake. Alikuwa amechinjisha kuku sita wa kienyeji. Anayejua bei ya kuku wa kienyeji ataelewa kwamba ile ilikuwa akiba ya miezi.

Alichinjisha sita kwa sababu alikuwa amewaalika majirani. Kulikuwa na kuku wa kuchoma, kuku wa mchuzi, wali wa Mwea, chapati, mboga za majani, na majimbi ya kuchemsha, ambayo wao huyaita nduma. Viti viliazimwa na turubai ilifungwa. Tukangoja. Akaja mzee mmoja na mkewe, wakaja watoto wachache, na mwalimu wa shule ya jirani. Waliobaki hawakuja. Viti vikabaki vitupu chini ya turubai, na ukungu wa jioni ukaanza kuingia kati yake.

Mkwe wetu hakusema kitu, ila nilimwona akitazama njia. Baadaye yule mzee alinieleza kwa upole. "Wengine hawakuwa na hakika, mwalimu. Hawajui kama inafaa Mkristo ale chakula cha Idi. Wameogopa kukosea." Nilinyamaza. Ningesema nini? Walikuwa wamefanya alasiri moja jambo ambalo mimi nililifanya miaka sita.

Usiku tulipokusanya vyombo, nyama iliyobaki ilikuwa nyingi. Kuku wawili karibu wazima, na mifupa ya wale wengine yenye minofu bado. Mke wangu alisikitika sana. Sisi watu wa Pwani tunayajua mabaki ya karamu na dhambi yake. Sura ya al-Aaraf imekataza israfu, nasi kila mwaka baada ya Idi huona wali na nyama katika majaa ya taka, tukipita tukisema astaghfirullah kana kwamba waliotupa ni watu wengine. Kijana mmoja akapendekeza mbwa wapewe. Mkwe wetu akatikisa kichwa. "Hii itakuwa supu ya asubuhi," alisema.

Hapo ndipo nilipoona ufundi ambao nataka kina mama wa jarida hili, na kina baba pia, wauchukue.

Aliinyofoa nyama iliyokuwa nzuri, akaiweka katika bakuli lenye kifuniko, bakuli likaenda chumba cha nje chenye baridi ya Juni. Mifupa, mabawa, shingo na ngozi aliitia katika sufuria kubwa, akaivunja mifupa mikubwa kwa mgongo wa shoka. Akatia maji mpaka yakaifunika kwa vidole vinne. Vitunguu viwili alivikata nusu nusu akavibabua juu ya makaa mpaka vikawa vyeusi upande mmoja, akavitia na maganda yake, ndiyo yanayotoa rangi ya dhahabu. Karoti mbili, kipande cha tangawizi, vitunguu saumu. Chumvi hakutia, kwa kuwa nyama ilikwisha tiwa chumvi mara ya kwanza, na maji yakipungua chumvi huzidi. Mke wangu akaomba ruhusa, akatia bizari nyembamba na pilipili manga punje nzima. Wakaangaliana, wakacheka. Nadhani urafiki wao ulianza hapo, juu ya mvuke ule.

Sufuria ilichemka kwa nguvu karibu nusu saa, povu likitolewa kwa upawa. Kisha mkwe wetu akaleta kapu kubwa lililoshonewa ndani yake blanketi kuukuu na matambara yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kama ukuta, na mto wa kufunika juu. Aliliita kapu la kupikia. Walifundishana katika chama cha kina mama, ili kuni zipungue. Chungu kikishachemka sawasawa hufunikwa, hutiwa ndani ya kapu kikiwa bado kinatokota, na kapu hufungwa. Moto hauko tena, ila joto halina pa kutokea, na chakula huendelea kuiva chenyewe gizani. Hawa hawana umeme wa kuchezea, na gesi ni ghali. Jamaa zetu walioko Muscat na London wana jungu la umeme linalopika polepole kutwa nzima, na kazi yake ni hiyo hiyo: joto dogo, muda mrefu. Ndani ya mifupa na kano mna kitu kigumu ambacho moto mkali hukikaza, lakini joto la taratibu hukiyeyusha kikawa utelezi, na utelezi huo ndio nguvu ya supu.

Nikamwuliza kama hiyo ndiyo itakaa mpaka asubuhi. Akasema hapana. Kapu huhifadhi joto kwa saa kadhaa tu, kisha supu huwa vuguvugu, na uvuguvugu ndio unaoharibu chakula na kuumiza matumbo ya watu. "Lazima niamke niichemshe tena," alisema, kama mtu anayesema lazima afunge mlango.

Tulilala chini ya mablanketi matatu. Saa nane na nusu za usiku niliamka kwa ajili ya tahajudi, kama Mwenyezi Mungu anavyonijaalia siku nyingine. Nilipokuwa nikitawadha kwa maji yaliyouma hadi mfupa, nikaona mwanga katika jiko la nje. Fikira yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mjane huyu halali kwa huzuni, na pengine kuja kwetu kumemwamshia kilio. Kisha nikasikia sauti ya kuni zikivunjwa na kifuniko kikiinuliwa. Alikuwa ameamka kuchemsha supu. Alikaa karibu nusu saa, akairudisha katika kapu, taa ikazimika. Nami nikasimama kusali, ila kwa kitambo sikuweza kusoma. Nilijiuliza ni nani kati yetu wawili aliyekuwa katika ibada nzito zaidi usiku ule. Jibu sijalipata, na Mola ndiye ajuaye yaliyomo vifuani.

Alfajiri, baada ya sala, nilikwenda jikoni pamoja na mke wangu. Mkwe wetu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu wetu amejikunyata ubavuni pake. Alikuwa amechukua bakuli la supu na kulitoa nje kwa muda, likaganda lote likawa linatikisika kama halua. Sisi watu wa joto hatujaona jambo hilo pasipo jokofu. Mtoto alikuwa akiligusa kwa kidole na kucheka.

Nikaona kwamba nikikawia tena sitasema kamwe. Nikamwambia, "Mama, nilipaswa kuja wakati wa posa, sikuja. Nilipaswa kuja mzee alipofariki, nikatuma simu. Sina udhuru. Nakuomba radhi."

Alikoroga moto kidogo. Kisha akasema, "Mzee alikuwa akikungoja. Kila Desemba alikuwa akisema, labda mwaka huu." Akanyamaza, na mimi moyo ukanishuka. "Sasa umekuja," akaendelea. "Leta bakuli."

Hayo tu. Alinijulisha deni lilivyo, kisha akanipa supu. Sikuwahi kusamehewa kwa namna nzito kama ile.

Supu ilichujwa, ikarudishwa motoni, yakatiwa majimbi yaliyokatwa vipande. Jambo jingine nililojifunza: kule juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa kuwa kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka takriban digrii moja. Ndiyo sababu maharage na majimbi hukawia kuiva huko, na ndiyo sababu watu wa mlimani wamezoea subira ya chungu. Majimbi yalipolainika, ndipo nyama ya jana ikatiwa, ikachemka pamoja nayo kisawasawa, chumvi ikaonjwa, kotimiri ikakatwa. Mke wangu akakamua ndimu zake. Mkwe wetu alionja, akaonja tena, akaomba aachiwe ndimu zilizobaki.

Mimi nikatazama sufuria, nikakumbuka wasia ambao Mtume (s.a.w.) alimpa Abu Dharr, Mungu amwie radhi: kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake, kisha awaangalie jirani zake. Nimeusoma wasia huo mara ngapi darasani! Nimeufasiri kuwa ni ukarimu, na ni ukarimu. Lakini sikuwahi kuuona kama hesabu ya jikoni. Nyama huhesabika, hugawiwa kwa vipande na huisha. Mchuzi huongezwa maji, na kila nyumba hupata. Nikamwambia mkwe wetu habari hiyo. Akasikiliza, akauliza, "Basi tuzidishe?" Tukazidisha maji, tukaichemsha tena.

Kisha tukaipeleka. Siku hiyo ya nne ya Idi, mimi na mwanangu na mjukuu wangu tulitembea kwenye vijia vya matope katikati ya chai, tukibeba vibirika na vikombe, kwa wale ambao hawakuja jana. Mkazamwana wangu alitangulia akisema kwa Kiembu. Katika nyumba ya kwanza walisita. Mama mwenye nyumba alinitazama kofia na kanzu, akatazama kibirika. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Mombasa, "Mama, hii ni supu ya kuku wa jirani yako. Mimi nimeibeba tu." Akacheka, akaleta vikombe. Nyumba ya tatu walitupa ndizi. Ya tano walitupa mayai manane katika kikapu, na mzee akataka kujua kama kweli huko Mombasa watu hulala bila blanketi. Tulirudi na mzigo mzito kuliko tuliotoka nao.

Mchana mkwe wetu alituongoza nyuma ya migomba, kwenye kaburi la mumewe, maana huko mtu huzikwa katika shamba lake. Nilisimama hapo kimya. Nilikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alisimama ilipopita jeneza ya Myahudi, na alipoulizwa akakumbusha kuwa hiyo nayo ni nafsi. Nilikumbuka pia Asmaa binti Abubakar, aliyeuliza kama amfanyie wema mama yake asiyekuwa Mwislamu, akaamrishwa aunge udugu naye. Mkazamwana wangu amekuwa akiitekeleza hadithi hiyo miaka yote hii, kila mwezi, bila kuijua isnadi yake. Mimi niliyeijua isnadi ndiye niliyechelewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya kuondoka nilipewa kikapu cha chai. Nilichuma majani mawili na kichipukizi, kama nilivyoelekezwa, na katika saa nzima sikufunika hata sakafu ya kikapu. Mkwe wetu alikitazama akasema itatosha kikombe kimoja. Ameahidi kuja Mombasa mwezi wa Disemba, naye anataka kuona bahari kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Sasa niwaachie kina mama na kina baba neno la manufaa, kwa kuwa Idi huja na mabaki hubaki. Kumbukeni kwamba kuweka akiba ya nyama si aibu. Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza nyama ya udhia isiwekwe zaidi ya siku tatu kwa sababu ya mafukara waliofika mjini mwaka ule, kisha akaruhusu watu wale, watoe sadaka na waweke akiba. Lakini kuweka kuna adabu zake. Huku kwetu joto ni kali, hatuna baridi ya Kibugu. Kuku aliyepikwa asiachwe mezani zaidi ya saa mbili, aingie katika jokofu. Mifupa msiitupe, iwekeni nayo. Mkitumia kapu, mcheze na wakati: chemsheni kwanza kwa nguvu, lifungeni msilifungue kila mara, na baada ya saa nne au tano rudisheni motoni kabla joto halijaisha. Wenye jungu la umeme wasitie kuku wa baridi kutoka jokofuni moja kwa moja, wachemshe kwanza jikoni, kwa maana jungu hilo hukawia kupasha moto. Nyama iliyokwisha iva itiwe mwisho, isije ikawa nyuzi. Chumvi mwisho, ndimu mwisho kabisa. Na kabla ya kupakua, zidisheni maji.

Kisha mtazame ni nyumba gani hamjaifikia. Kila mmoja wetu ana Kibugu yake: ndugu, mkwe au jirani tuliyempa udhuru wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Pengine yeye naye kila mwaka husema, labda mwaka huu. Baba wa mkazamwana wangu alisema hivyo mpaka miaka yake ikaisha, na hilo halina supu ya kulilipa. Aliye hai bado yupo. Nendeni.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuunga udugu, atubarikie riziki zetu, kingi chake na kidogo chake, na amlipe kheri kila aliyekesha kwa ajili ya mgeni. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.